Riwaya Moja, Sauti Nyingi: Tumwamini Nani?

JUMATATU iliyopita nilipitiliza kituo. Nilipanda mwendokasi Kimara, nilitakiwa nishuke Magomeni, nikaja kushtuka basi liko Fire. Mwendokasi hauna konda wa kumlaumu, kwa hiyo lawama zote nilizibeba mwenyewe, nikavuka barabara, nikapanda la kurudi.

Aliyenipitiliza ni mwanamke wa kwenye riwaya, jina lake Marian Halcombe. Nilikuwa na hedifoni masikioni, namsikiliza akisoma shajara yake. Amejibanza juu ya paa la baraza usiku, mvua inamnyeshea, anawasikiliza wanaume wawili walio chini yake wakipanga njama dhidi ya mdogo wake. Analowa chapachapa. Anarudi chumbani akitetemeka, anaandika yote aliyoyasikia kabla homa haijamzidi. Sentensi zinaanza kukatika. Halafu, humo humo ndani ya shajara yake ya siri, inaingia sauti ya mwanaume. Imetulia, ina adabu nyingi. Anamsifu Marian kwamba anaandika vizuri, amefurahi sana kuisoma shajara yake yote. Kumbe ni mmoja wa wale wawili waliokuwa wakipanga njama!

Jamani, nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu bila kubisha hodi.

Riwaya yenyewe ni The Woman in White ya Mwingereza Wilkie Collins, na ina zaidi ya miaka 160. Niliwahi kuisoma kwenye karatasi nikiwa chuo, na mahali hapo palinishtua kiasi chake. Lakini kuisikia, Marian akisomwa na mwanamke na yule jamaa akisomwa na mwanaume, ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana leo naomba tuongee kuhusu starehe hii ya riwaya za taharuki zinazosomwa na sauti zaidi ya moja. Imetoka wapi? Na kwa nini inatushika hivi? Ninayo sababu yangu binafsi ya kuuliza. Nitaifikia.

Tuanzie London. Novemba 1859 gazeti la kila wiki la Charles Dickens, All the Year Round, lilianza kuichapa The Woman in White kipande kwa kipande, hadi Agosti 1860. Kila wiki msomaji anaachwa njia panda, anasubiri wiki ijayo. Na tusisahau namna watu wa enzi zile walivyosoma. Hapakuwa na redio wala televisheni. Jioni mmoja alishika gazeti akasoma kwa sauti, familia ikasikiliza. Kwa hiyo ukiniambia kusikiliza kitabu si kusoma "kwa kweli", nitakujibu kwamba wengi wa wasomaji wa kwanza wa Collins walikuwa wasikilizaji.

Collins alisomea sheria na mwaka 1851 akapokelewa kuwa wakili, ingawa kazi yenyewe hakuifanya. Hata hivyo mahakama haikumtoka kichwani. Mwanzoni kabisa mwa riwaya, msimulizi wa kwanza anatueleza utaratibu: hadithi hii itasimuliwa kama kesi inavyosikilizwa. Kila shahidi atasema yale aliyoyaona mwenyewe, akifika mwisho wa anachokijua anakaa chini, anasimama mwingine. Basi wanapanda mmoja mmoja: mwalimu wa kuchora, wakili wa familia, Marian na shajara yake, ami anayejidai mgonjwa kila siku, msimamizi wa nyumba, mpishi, daktari. Hata jiwe la kaburi linapewa zamu! Na karibu na mwisho anapanda mhalifu mwenyewe, Count Fosco, yule yule wa kwenye shajara, na anazungumza kwa raha zake kama mtu anayepokea tuzo.

Na hakimu ni nani? Ni wewe unayesikiliza.

Ngoja niwaonyeshe mashahidi wawili tu kati ya hao. (Asiyependa kuharibiwa utamu aruke aya mbili hizi, hatutagombana.)

Wa kwanza ni mpishi, Hester Pinhorn. Hajui kusoma wala kuandika, ushahidi wake umeandikwa na mtu mwingine kutoka mdomoni mwake. Anaeleza alivyomwona mwanamke aliyeletwa nyumbani kwa bwana wake, akaugua, akafa, na jina aliloambiwa kuwa ni la marehemu. Mama huyu hana hila hata chembe. Kila neno lake ni la kweli kwa jinsi alivyoliona. Lakini alichoonyeshwa kilikuwa maigizo, kwa hiyo ukweli wake ndio unaougonga uongo muhuri. Shahidi mwaminifu kuliko wote anatumiwa kumzika mtu aliye hai.

Wa pili ni Laura Fairlie, mdogo wake Marian. Huyu ndiye aliyeibiwa kila kitu: mali yake ya pauni 20,000, jina lake, hata akili yake timamu, maana alifungiwa kwenye hospitali ya vichaa kwa jina la mwanamke mwingine. Kitabu kizima kinamhusu yeye. Sasa tafuta sehemu anayosimulia Laura. Hakuna. Kila aliyempenda na kila aliyemdhulumu amesema, yeye hakuitwa. Nilipoisoma chuoni sikuliona hilo. Nilipoisikiliza nililiona, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yanaisubiri sauti yake na haikuja.

Hapo ndipo nilipokumbuka daftari langu.

Mwaka juzi nilitumwa kwenye mahakama moja ya mwanzo, kesi ndogo tu ya kugombea kibanda cha biashara. Mdai ni bwana mmoja mwenye bahasha ya karatasi mkononi. Alizungumza vizuri mno. Sentensi fupi, tarehe mahali pake, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mwandishi yeyote anampenda mtu wa namna hiyo maana anakuandikia habari yeye mwenyewe. Mdaiwa ni mama anayeuza chakula hapo kibandani. Alirudiarudia maneno, alitaja majina ya watu nisiowajua, alianza na mwaka aliofiwa na mumewe, akarudi nyuma, akasahau alikoishia. Hakimu alimwambia mara mbili aongeze sauti. Alipoongeza ikapasuka, akalia.

Habari yangu ilitoka siku iliyofuata. Aya tano za bwana yule, nyingine nimemnukuu neno kwa neno. Mama alipata sentensi moja, tena kwa maneno yangu: kwamba alikanusha madai hayo. Mhariri hakubadilisha hata nukta. Miezi kadhaa baadaye nikasikia kwa mwenzangu kwamba mama alishinda. Karatasi za bwana yule zilikuwa za kibanda kingine.

Sikuandika uongo, wadau. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa Hester Pinhorn.

Haya, turudi kwenye historia.

Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza fonografu, mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti na kuirudisha. Mwaka uliofuata akaandika makala kwenye jarida la North American Review akiorodhesha kazi ambazo mashine hiyo ingeweza kufanya. Mojawapo ilikuwa vitabu vya kusikiliza kwa ajili ya vipofu. Wazo lilikuwepo, vifaa havikuwepo: silinda za mwanzo zilibeba dakika chache tu. Riwaya nzima ungehitaji mkokoteni.

Lakini kabla mashine haijaingia kwenye vitabu, riwaya iliiwahi. Mwaka 1897 Bram Stoker alitoa Dracula, nayo imejengwa kwa mtindo wa Collins: shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti, kila mtu anasimulia kipande chake. Mmoja wao, Dk. Seward, haandiki shajara yake. Anaizungumza kwenye fonografu, kwenye silinda za nta. Halafu linatokea jambo ambalo mimi naliona ni moyo wa habari hii yote. Mina Harker anaomba azisikilize zile silinda ili azichape kwa taipureta, ushahidi wote uwe pamoja. Akishamaliza anamwambia daktari kwamba ile mashine ni katili kwa ukweli wake. Kwenye sauti alisikia uchungu wa moyo wake mtupu, na mtu mwingine hapaswi kuusikia tena. Maneno ameyachapa, yatosha. Sauti ibaki siri.

Fikiria, mwaka 1897! Stoker ameshaelewa kwamba ukihamisha maneno kutoka kwenye sauti kwenda kwenye karatasi, kuna kitu unakifuta. Wakati mwingine unakifuta kwa huruma, kama Mina. Wakati mwingine unakifuta kwa sababu habari inatakiwa saa kumi na moja jioni.

Vitabu vya sauti vyenyewe vilizaliwa na vita. Vita Kuu ya Kwanza ilirudisha nyumbani wanajeshi vijana wasioona, na wengi walikuwa wakubwa kiasi cha kushindwa kujifunza vizuri maandishi ya nukta nundu. Mmoja wao ni Kapteni Ian Fraser wa Uingereza, aliyepigwa risasi na kupoteza macho kwenye mapigano ya Somme mwaka 1916. Aliongoza St Dunstan's, taasisi ya kuwahudumia wanajeshi vipofu, na hakuchoka kutafuta namna ya kuingiza kitabu kizima kwenye santuri. Marekani walitangulia kidogo: mwaka 1934 American Foundation for the Blind ilianza kutoa vitabu vyake vya kusikiliza. Mwaka 1935 Uingereza nao wakafuata, kwa santuri zilizozunguka polepole, kama dakika 25 kila upande. Riwaya moja ilikuwa santuri kama 10 hivi, zinakuja kwa posta kwenye kasha.

Na mnajua mojawapo ya riwaya za kwanza kabisa walizotumiwa ni ipi? The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, iliyotoka mwaka 1926. Riwaya ya mauaji, inasimuliwa mwanzo hadi mwisho na mtu mmoja. Waliokwisha kuisoma wanajua kwa nini natabasamu ninapoandika hivi. Wasioisoma siwaharibii. Nitasema tu kwamba wanajeshi wale walikaa gizani na sauti moja, na hawakuwa na nyingine ya kuilinganisha nayo.

Enzi zile kulikuwa na mabishano ambayo hayajaisha hadi leo. Msomaji aigize au asome tu? Wapo wasikilizaji waliotaka usomaji mkavu, bila mbwembwe, ili wao wenyewe waamue nani mwema na nani mbaya, kama anavyoamua mwenye macho yake. Walisema ukinigizia mhalifu kwa sauti ya kukwaruza, umeshanihukumia. Wengine wakataka uhai, vicheko, vilio. Naelewa pande zote mbili. Msomaji mmoja anayesoma kwa utulivu anawapa mashahidi wote koti la aina moja. Ukiweka wasomaji wengi, kila shahidi anakuja na koti lake, na sisi binadamu tuna udhaifu wa makoti.

Wakati santuri zikitumwa kwa wasioona, wenye macho walikuwa wakipata taharuki yao kwenye redio. Julai 11, 1938 Orson Welles alifungua kipindi chake cha Mercury Theatre kwenye redio ya CBS ya Marekani, na mchezo wa kwanza ulikuwa Dracula. Welles aliigiza mwenyewe Dk. Seward na pia Dracula. Mwindaji na mwindwa, koo moja! Oktoba 30 mwaka huo huo akarusha War of the Worlds kwa mtindo wa taarifa za habari, ule uliowatia hofu baadhi ya wasikilizaji wakadhani viumbe wa sayari nyingine wameingia kweli. Sauti ya mtangazaji wa habari ilitosha. Nani angeishuku?

Mwaka 1942 CBS ikaanza mfululizo ulioitwa Suspense, yaani taharuki yenyewe, ukadumu miaka 20 hadi 1962. Mchezo wake uliovuma kuliko yote ni Sorry, Wrong Number wa Lucille Fletcher, uliorushwa kwanza Mei 25, 1943. Mwanamke mgonjwa yuko peke yake kitandani, laini za simu zinagongana, anasikia wanaume wawili wakipanga mauaji. Anawapigia wahudumu wa simu, anampigia polisi. Kila anayempokea anamsikia mwanamke mwenye kelele, mwenye amri, anayechosha. Aliyeigiza, Agnes Moorehead, aliifanya sauti hiyo iwe ya kuudhi makusudi. Hata wewe msikilizaji unamchoka. Na wakati unamchoka, saa inakwenda. Yeye ndiye anayesema kweli.

Huku kwetu pia redio ilitufundisha kusikiliza sauti nyingi. Mama yangu hadi leo anaweza kukuigizia Mkwaju, yule dereva wa lori wa Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993. Haukuwa mchezo wa upelelezi, ulikuwa wa kuelimisha kuhusu uzazi wa mpango na ukimwi. Ila mama anasema wakati wake nyumba nzima ilinyamaza, na kesho yake kisimani watu walibishana kuhusu Mkwaju kama wanavyobishana kuhusu shemeji yao. Kila mhusika alikuwa na sauti yake, na kila sauti ilikuwa na mawakili wake kisimani.

Nirudi kwenye vitabu. Mwaka 1952 mabinti wawili waliokuwa wametoka chuo si muda mrefu, Barbara Cohen na Marianne Roney, walianzisha Caedmon huko New York, wakaanza kuuza santuri za waandishi wakisoma kazi zao. Kaseti ilipozaliwa mwaka 1963 mambo yakawa mepesi. Mwaka 1975 huko California, Duvall Hecht, bwana aliyekuwa anachoshwa na safari ndefu ya gari kwenda na kurudi kazini, alianza kukodisha vitabu vizima kwenye kaseti kwa njia ya posta. Akakiita Books on Tape. Soma tena: vitabu vya kaseti kwa watu wazima wenye macho vilishika kasi kwa sababu ya barabarani. Mtu wa Kimara na mtu wa California wameokolewa na dawa moja.

Kisha ikaja dijitali. Audible ilianzishwa mwaka 1995 na miaka miwili baadaye ikatoa kifaa chake cha kwanza cha kubeba vitabu vya sauti. Agosti 2005 Hugh McGuire wa Montreal, Kanada, alianzisha LibriVox, ambako watu wa kujitolea wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki zake zimekwisha na kuvitoa bure. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa The Secret Agent ya Joseph Conrad, riwaya ya majasusi na mabomu, sura zikagawanywa kwa wasomaji mbalimbali. Hapo sauti zilikuwa nyingi kwa sababu ya kugawana kazi tu. Sura hii inasomwa na huyu, inayofuata na mwingine mwenye lafudhi ya nchi nyingine. Baadaye wakaanza pia kusoma kwa kugawana wahusika. Kwa mwandishi wa habari mwenye mshahara wangu, LibriVox ni rafiki wa kweli, bando ndilo pekee la kulipia.

Mafaili yalipokuwa mepesi, hapakuwa tena na sababu ya kubana saa wala wasomaji. Ndipo mtindo wa Collins ukarudi kwa kishindo. Mwaka 2012 ilitoka Gone Girl ya Mmarekani Gillian Flynn, mume na mke wanasimulia kwa kupokezana, mke ametoweka. Kwenye kitabu cha sauti Nick anasomwa na Kirby Heyborne, Amy anasomwa na Julia Whelan. Mwaka 2015 ikaja The Girl on the Train ya Paula Hawkins, wanawake watatu: Rachel, Megan na Anna, sauti tatu za Clare Corbett, Louise Brealey na India Fisher. Mwaka 2016 kilipewa tuzo ya Audie ya kitabu cha sauti cha mwaka. Rachel ni mlevi. Anapanda treni kila siku, anaona jambo dirishani, anajaribu kusema, na hakuna anayemwamini kwa sababu hata yeye hajiamini. Usiku wa tukio ameusahau. Wanaume wa hadithi hiyo hawasimulii. Wanawake watatu ambao kila mmoja amewahi kuitwa mwongo, ndio waliopewa maikrofoni.

Sasa niwaambie kitu nilichokigundua kwenye Gone Girl, na nadhani ndicho kilichonifanya niandike haya. Sauti ni mbili, lakini akina Amy ni wawili pia. Kwenye sura zake mwenyewe Amy ni Julia Whelan. Kwenye sura za Nick, Amy akizungumza, maneno yake yanatamkwa na Kirby Heyborne, maana ndiye anayesoma sura hiyo. Yaani unamsikia Amy kama Nick anavyomsikia. Maneno ni ya mke, koo ni la mume. Na Nick naye vivyo hivyo akiingia kwenye sura za Amy. Mwanzoni niliona ni kasoro ya utengenezaji, wangeweza kuunganisha. Baadaye nikaona hapana, ndivyo ilivyo maishani. Kila mtu ninayemtaja anazungumza kwa koo langu.

Na ndivyo lilivyo gazeti. Ninapofungua alama za kunukuu ninakuambia, msomaji, kwamba sasa anasema yeye. Si kweli. Ninasema mimi, nikiwa nimechagua sentensi iliyonyooka kati ya kumi zilizopinda. Anayezungumza kwa kunyooka namsoma kwa sauti yake. Anayezungumza kwa kupinda namsoma kwa sauti yangu, "alikanusha madai hayo". Riwaya ya sauti nyingi inaniambia jambo moja dogo ambalo chuoni sikufundishwa: sauti nzuri ni sauti nzuri tu. Fosco ana sauti nzuri kuliko wote.

Sidai kwamba sauti iliyopinda ndiyo ya kweli siku zote. Wapo waongo wanaolia. Raha ya riwaya hizi ni kwamba zinakuzungusha pande zote: unamwamini wa kwanza, wa pili anamuumbua, wa tatu anawaumbua wote, na ukirudi mwanzo unakuta ulidanganywa na masikio yako mwenyewe. Baada ya riwaya tano za namna hiyo masikio yanaanza kuwa na adabu. Yanasubiri. Yanauliza nani bado hajaitwa.

Jumamosi nilikwenda pale kibandani. Bado kipo, kimepakwa rangi mpya ya bluu. Niliagiza wali maharage, nikala, nikalipa, ndipo nikajitambulisha. Mama alinitazama muda kidogo, akasema, "Wewe ndiye uliyekaa karibu na dirisha." Nikasema ndiye. Nikatarajia anifukuze. Akavuta kigoda.

Nilimwomba anisimulie upya, nikaweka simu mezani irekodi kwa ruhusa yake. Alizungumza saa nzima na dakika kadhaa, akihudumia wateja katikati. Alianzia pale pale alipoanzia mahakamani, mwaka aliofiwa na mumewe. Safari hii nilielewa kwa nini: kibanda alikijenga mumewe, na yale majina nisiyoyajua ni ya mafundi waliokijenga. Ulikuwa ushahidi ule. Haukuwa umepinda hata kidogo, mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Na sauti yake pale jikoni kwake haitetemeki. Ni sauti ya mtu anayepigia kelele oda ya chapati nne huku anahesabu chenji.

Nimeshaisikiliza rekodi hiyo mara tatu kwenye mwendokasi. Mara zote nimeshuka kituo changu. Habari yake bado sijaiandika. Kila nikianza naona ninamsoma kwa koo langu, nafuta, naanza tena kule anakoanzia yeye.

Nawatakia wiki njema. Na kama mtaanza na The Woman in White, mkifika kwenye shajara ya Marian angalieni msiwe mnakaribia kituo cha kushuka.